Kikapu cha Ngata

Majani makavu ya mgomba yakikaa ndani ya nyumba miaka mingi hupoteza harufu ya shamba na kupata nyingine, ya vumbi lenye moshi kwa mbali, tamu kidogo. Harufu hiyo ndiyo iliyonipiga usoni mwezi uliopita, niliposimama juu ya kiti nyumbani kwetu Bugene nikishusha vitu kutoka juu ya kabati, maana fundi wa kubadilisha bati alikuwa anakuja kesho yake. Nilishusha chemli isiyo na kioo. Nikashusha picha yangu ya kipaimara, nimekunja uso kama niliyeitwa polisi. Kisha nikashusha kikapu kikubwa chenye kifuniko, chepesi kiasi kwamba nilidhani hakina kitu. Nilipokifungua, kilikuwa kimejaa ngata.

Kama umekulia mjini huenda ngata huijui. Ni ile pete nene ya kitambaa au majani ambayo mwanamke huiweka kichwani, kisha juu yake akatua ndoo, kuni au mkungu wa ndizi. Kwetu Karagwe migomba inafika hadi mlangoni, kwa hiyo hakuna anayehangaika na kitambaa. Unavuta majani makavu yanayoning'inia kwenye shina, unayasokota hapo hapo, unajitwisha, na ukifika unapokwenda unaitupa. Hakuna anayehifadhi ngata, kama ambavyo hakuna anayehifadhi maganda ya ndizi. Mimi nilizihifadhi nilipokuwa darasa la tatu, na aliyenianzishia kazi hiyo alikuwa mbwa.

Mbwa huyo tuliachiwa na bwana mifugo, mtu wa Muleba aliyepanga nyumba jirani na kwetu, ambaye Mama alikuwa akimpelekea maziwa kila asubuhi. Alipohamishwa kikazi hakuwa na namna ya kuondoka naye. Alimleta jioni moja akiwa ameshikilia kamba kwa mikono miwili. Mbwa alikuwa mkubwa, rangi ya chai ya maziwa, manyoya marefu, masikio yamelala, na mkia ambao tangu anaingia uani ulikuwa umeshaangusha vikombe viwili. Bwana mifugo alitueleza kwamba ukoo wa mbwa hao ni wa wawindaji wa bata. Mtu akimpiga bata akaanguka majini, mbwa huogelea akamleta mdomoni bila kumtoboa hata ngozi. Alisema lazima akimbizwe kila siku, achanwe manyoya, asafishwe masikio, na kwamba akikosa kazi ya kufanya ataitafuta mwenyewe.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alisikiliza yote kwa adabu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kazi yake ni kuleta bata?"

"Analeta chochote, mzee."

"Sisi hatuna bata," Tata alisema. Lakini Mama alikuwa ameshaipokea kamba.

Alikuja na jina la Roki. Wiki haikuisha Mama akambadilishia, akamwita Kaleta, kwa sababu hicho ndicho alichokuwa akikifanya kutwa nzima. Alileta ndala za watu. Alileta sufuria ya jirani ikiwa na maharage yaliyobaki. Siku moja alileta kuku mzima wa katekista, kuku yuko hai, kamfumbata mdomoni kwa upole kabisa, akamweka miguuni pa Mama na kusubiri kusifiwa. Kuku alisimama, akajikung'uta, akaondoka zake kwa miguu. Tata alitembea naye hadi kwa katekista kuomba radhi, na aliporudi akamfunga Kaleta kwenye mti wa mkahawa, kama mbwa wengine wa pale kwetu walivyofungwa mchana ili wafunguliwe usiku kulinda. Kaleta aliung'oa mkahawa. Na ule usiku aliofunguliwa alinde, alimpokea mpita njia getini akampa kiatu cha Tata.

Kumtunza kuligawanywa bila mkutano. Mama alimpikia ndizi zilizochanganywa na vichwa vya dagaa, naye akala kwa shukrani, wakati mbwa wengine ndizi wanazinusa tu na kwenda zao. Mimi nilimchana kwa kitana kilichovunjika meno, nikimtoa vishonanguo vilivyomganda tumboni na kumtafuta kupe nyuma ya masikio. Jumamosi nilimpeleka lamboni akaogelee, naye akatoka ananuka matope na kunikung'utia yote mimi. Tata kazi yake ilikuwa kulalamika. Alilalamikia manyoya kwenye chai, alilalamikia nyayo juu ya kahawa ya maganda iliyoanikwa uani, na kila alipolalamika Kaleta alikwenda kumlalia miguuni, kana kwamba ameitwa.

Mchezo wa ngata haukupangwa na mtu. Mama alirudi shambani na mkungu, akautua mlangoni pa jiko, akaitupa ngata yake kwenye migomba bila hata kuangalia. Kaleta akaifuata, akairudisha. Mama akaitupa tena. Ikarudi. "Wewe," Mama akamwambia, "hii nimeitupa." Baada ya siku chache akawa anaitupa makusudi, mbali zaidi, mpaka upande wa kisimani, huku akicheka kile kicheko chake cha puani. Ndivyo alivyokuwa anamkimbiza bila yeye mwenyewe kukimbia. Mama alikuwa anasokota ngata kwa kasi ambayo sijaiona kwa mtu mwingine: anasokota, anazungusha, anaingiza mkia ndani ya pete yenyewe, basi. Hakuwahi kuifunga fundo. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutembea na mizigo, ngata zake zilibaki kila mahali alipotua: kisimani, mashineni, kwenye ua wa kanisa, kwa dada yake.

Kisha Mama akaugua. Nasema hivyo tu kwa sababu hivyo tu ndivyo nilivyoambiwa. Alirudi shambani mapema na kanga yake ya kazi, akasema ana baridi, akapelekwa hospitali, na waliporudi walirudi na jeneza. Tulimzika kwenye kibanja chetu, nyuma ya nyumba, kati ya migomba, kama tunavyowazika watu wetu.

Nakumbuka vizuri nyasi zilizotandazwa sebuleni, jinsi zilivyokuwa zinachoma mapajani. Nakumbuka wanawake wakilia kwa zamu, anapochoka mmoja anapokea mwingine. Mimi sikulia. Sikujizuia; hapakuwa na kitu cha kuzuia. Unajua mguu ukiukalia muda mrefu, ukiugusa unahisi kama unagusa mguu wa mtu mwingine. Nilikuwa hivyo mwili mzima. Niliona watu wanasogeza midomo, nikala nilichopewa, nikalala nilipolazwa. Shangazi Jeneroza, dada yake Tata, aliyekuja kutoka Nkwenda, alinishika mashavu akaniambia, "Bojo, tafadhali, lia mwanangu, lia kidogo tu." Nilimwangalia. Aligeuka akawaambia wenzake kwamba mtoto huyu si mzima, na hakuna aliyembishia.

Siku ile ile ya mazishi, Shangazi Jeneroza ndiye aliyekusanya nguo za Mama. Katika ukoo wetu nguo za marehemu hufungiwa sandukuni mpaka arobaini, ndipo ndugu zake wa kike na mawifi wagawane. Sanduku likishafungwa halifunguliwi kabla ya siku hiyo. Kulifungua mapema ni kumvua marehemu nguo mbele za watu, ndivyo tulivyofundishwa, na sijawahi kusikia mtu aliyethubutu. Hata ile kanga ya shambani aliyorudi nayo siku ya baridi iliingizwa vile vile, bila kufuliwa, maana nani angekuwa na muda wa kufua. Shangazi alitia kufuli, akampa Tata ufunguo mbele ya wote. Tata akautia mfukoni. Tata hakuwa na neno kwa mtu yeyote siku zile. Alikuwa akikaa kwenye kigoda mlangoni pa stoo ya kahawa, mikono juu ya magoti, na mimi nikikaa barazani, na kati yetu uwanja mtupu.

Kaleta alikuwa amefungwa nyuma ya stoo tangu msiba ulipoanza, kwa sababu ya tabia yake ya kuwarukia waombolezaji. Watu walipoondoka, Tata akamfungua. Alizunguka nyumba, akaingia jikoni, akatoka, akapotea. Aliporudi alikuwa na ngata mdomoni. Akatazama huku na huku uani, kisha akaja kuiweka mapajani pangu.

Ilikuwa ya Mama. Niliijua kwa mkia wake ulioingizwa ndani. Ilikuwa na ukungu upande mmoja, bila shaka alikuwa ameitoa kisimani. Sikujua niifanye nini. Kuitupa sikuweza, kwa hiyo nikaingia ndani nikachukua kikapu cha Mama cha kuwekea mbegu, nikaiweka humo.

Kesho yake alileta nyingine. Na siku iliyofuata. Njiani kulikuwa na ngata za wanawake wa Bugene nzima, zimezagaa, lakini yeye alileta za mtu mmoja tu. Nilianza kuamka kwa ajili hiyo. Sikuwa na furaha, nisikudanganye. Nilikuwa tu na kitu cha kusubiri. Nikisikia kucha zake juu ya saruji nilinyoosha mkono, nikaipokea, nikainusa, nikaiweka kikapuni, kisha kwa kuwa nilikuwa nimeshasimama, nikachukua kitana nikamchana. Baada ya kumchana nilikuta nina njaa. Siku nyingine tulifika hadi lamboni. Kama kuna aliyekuwa akinitunza nyumbani siku zile, nilidhani ni yeye.

Lakini ngata za Mama hazikuwa kisima kisichokauka. Nyingine zililiwa na mbuzi, nyingine ziliwashiwa moto na watu wasiojua. Mvua zikaanza, na zile zilizobaki zikaoza. Ikafika siku Kaleta akaondoka asubuhi akarudi jioni, amelowa hadi mifupani, mdomo mtupu. Akajaribu tena kesho yake. Kisha akalala mlangoni pa jiko, pale pale Mama alipokuwa anatua mizigo, na hakuamka. Nilimwekea ndizi na dagaa, nzi wakala. Mimi nikarudi barazani kwangu. Sahani yangu ilichukuliwa ilivyo, kama ya kwake.

Hapo ndipo Shangazi Jeneroza alipokuja kutujulia hali. Alikuja na gari la mizigo lililokuwa linarudi Kayanga, akashuka na mkoba wake mweusi, nikamwamkia shikamoo kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, akaenda kukaa mbele ya Tata pale stoo.

"Kaka, hapa una maiti wawili wanaopumua," alisema. Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alisema kuna mnunuzi wa mazao Nkwenda anayetaka mbwa mkubwa wa kufunga mlangoni pa ghala lake. Na mimi angenichukua yeye, nisome huko, nikae na watoto wenzangu, kwa sababu mwanamume peke yake hawezi kumlea mtoto wa kike asiyesema.

Nilisikia yote. Nilijua kwamba ninagawanywa, na mbwa anagawanywa, na kwamba tukishagawanywa kikapu kile hakitakuwa na maana kwa mtu yeyote. Nilijua hilo kama unavyojua kwamba mvua inanyesha nje wakati wewe uko ndani.

Tata alipangusa vumbi magotini. Kisha akasema, "Subiri arobaini."

"Arobaini ikifika wakiwa hivi, nawachukua wote wawili."

"Wakiwa hivi," Tata alisema.

Sijui ilikuwa siku ngapi baadaye. Asubuhi Tata alirudi kutoka kukamua ng'ombe, akapita mlangoni pa jiko, akasimama karibu na Kaleta zaidi ya kawaida yake. Kaleta akanyanyua kichwa. Akanusa hewa, akanusa suruali ya Tata, akasimama kwa miguu ya kutetemeka na kuingia kwenye migomba. Hakukawia. Alirudi na ngata, akaja kuiweka mapajani pangu, na mkia wake, ambao nilikuwa nimeusahau, ukapiga mlango kwa kishindo.

Niliinusa. Ilikuwa na harufu ya Mama kuliko zote zilizotangulia: jasho, moshi wa jikoni, na ile sabuni ya mche. Niliishika muda mrefu. Niliona kwamba ilikuwa kavu, ingawa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Niliona kwamba imekaa vibaya, nene upande huu, nyembamba upande ule, na kwamba mkia wake haukuingizwa ndani. Ulikuwa umefungwa fundo. Niliyaona yote hayo kwa macho yangu mwenyewe na hayakunigusa. Nikaiweka kikapuni. Nikachukua kitana.

Toka siku ile zikawa zinapatikana tena, leo chini ya mkahawa, kesho njia ya kisimani. Kaleta akala. Mimi nikala. Siku moja alitoka lamboni, akanikung'utia maji usoni, nikamwambia, "Mjinga wewe." Lilikuwa neno langu la kwanza la maana kwa muda mrefu, na lilikuwa tusi. Tata alikuwa anapita na ndoo. Alisimama kidogo, halafu akaendelea na safari yake.

Arobaini ikafika. Ibada ikasomwa, watu wakala, na wanawake wa ukoo wakaingia ndani kugawana nguo. Mama mdogo Adela, mdogo wake Mama, alikaa upande mmoja wa sanduku, Shangazi Jeneroza upande wa pili, na mimi nikakalishwa katikati kama shahidi. Tata akatoa ufunguo. Kufuli likafunguliwa. Vitenge vikatolewa kimoja kimoja, gauni la kanisani, sweta, vilemba. Kanga ya shambani haikuwamo.

Kanga yenyewe ilikuwa imechakaa hata maandishi yake hayasomeki. Lakini ndiyo aliyokuwa nayo mwilini siku ya mwisho akiwa mzima, na Adela alikuwa amekuja kwa ajili ya hiyo tu. Alisema, kwa utulivu wa kutisha, kwamba aliyefunga sanduku ndiye ajuaye kilichoingia na kisichoingia. Shangazi akasema yeye hajazaliwa kwenye nyumba ya wezi wa matambara. Sauti zikapanda. Wanaume walioko nje wakanyamaza kusikiliza, na pombe ya rubisi ikabaki kwenye vibuyu. Hakuna hata mmoja aliyemgeukia mwenye ufunguo. Mjane wa kiume kufungua sanduku la mkewe kabla ya siku yake lilikuwa jambo lisiloweza kuingia kichwani mwa mtu, kwa hiyo halikuingia.

Wakati huo ndipo Kaleta alipoingia. Alipita katikati ya viatu vya watu, kichwa juu, anaburuza kanga ya shambani iliyojaa vumbi la stoo, akaniwekea mapajani, kisha akakaa chini kusubiri kusifiwa.

Watu waliitazama kanga, wakamtazama mbwa. Halafu kila mtu akasema kwa pamoja kwamba mwizi amepatikana.

"Lakini kufuli je?" aliuliza Adela.

Lilikuwa swali zuri. Katekista, yule yule mwenye kuku, akalijibu kutoka mlangoni: mbwa hawa wa kizungu wana akili nyingi sana, usiwaone hivi. Watu wakatikisa vichwa. Mzee mmoja akakumbuka habari ya mbwa wa mzungu mmoja aliyekuwa akifungua friji. Wakaridhika, naapa, wakaridhika kabisa. Ilikuwa rahisi kwao kuamini kwamba mbwa amefungua kufuli, akachagua kanga moja, akafunga kufuli tena, kuliko kuamini jambo lile lingine.

Shangazi Jeneroza peke yake hakucheka wala kutikisa kichwa. Aliichukua kanga mapajani pangu akaikung'uta, na kutoka kwenye mikunjo yake vikaanguka vipande vidogo vya majani makavu ya mgomba, vingi, vikatapakaa sakafuni. Alivitazama. Kisha akanyanyua uso akamtazama kaka yake aliyesimama mlangoni. Tata alikuwa anaangalia kenchi za paa kwa makini sana, kama anayetafuta mahali panapovuja.

Shangazi aliikunja kanga polepole, pindo kwa pindo, akaniwekea tena mapajani. Adela alipofungua mdomo, akamwambia, "Hii ni ya mtoto." Jioni alichukua mkoba wake mweusi.

"Na mbwa?" mtu akamuuliza. "Si ulisema mwenye ghala anamtaka?"

"Mwizi wa namna hii nimpelekee mtu ghalani?" alisema Shangazi, akaondoka. Habari ya kuhamia Nkwenda sikuisikia tena, ya mbwa wala yangu. Nilidhani ameudhika.

Baada ya hapo ngata ziliendelea kidogo, kisha zikapungua, kisha zikaisha, na safari hii zilipoisha Kaleta hakulala mlangoni. Alikuwa ameshapata kazi nyingine: alibeba kikapu changu cha sokoni, alibeba kofia ya Tata kutoka shambani, Tata akilalamika kwamba imelowa mate. Aliishi miaka mingi. Alikufa nikiwa sekondari ya bweni, na Tata akanipigia kwenye simu ya mwalimu wa zamu akaniambia, "Mbwa amekufa. Huku mvua imenyesha vizuri." Nikasema, "Haya, Tata." Hivyo ndivyo tulivyozungumza sisi wawili, na hivyo ndivyo tunavyozungumza hadi leo.

Sasa nirudi kwenye kiti na kikapu. Nilishuka, nikaketi sakafuni, nikaanza kuzipanga ngata bila kukusudia, mikono tu ikifanya kazi. Zilizoingizwa mkia ndani nikaziweka upande wangu wa kulia. Zenye fundo, nene huku nyembamba kule, nikaziweka kushoto. Za kushoto zikawa nyingi kuliko nilivyotarajia. Niliishika moja nikalitazama fundo lake. Nimeliona fundo lile maisha yangu yote. Ndilo Tata analofungia magunia ya kahawa.

Mwanamume wa kwetu hasokoti ngata. Hajitwishi kichwani, anabeba begani, au anafunga kwenye baiskeli. Mtoto wa kiume akionekana anasokota, wenzake wanamtania mpaka aitupe. Na Tata alikaa ndani ya stoo yake, na kanga aliyoichukua mahali ambapo mtu haruhusiwi kuchukua, akasokota majani kwa vidole vilivyozoea panga na magunia, akayafungia ndani ya kanga mpaka yakapata harufu, akaenda kuyaficha kwenye mikahawa alfajiri akienda kukamua.

Nilitoka nje na ngata mbili, ya kulia na ya kushoto. Alikuwa uani, mgongo umepinda sasa, anageuza maganda kwa reki.

"Tata, hizi alisokota nani?"

Alifinya macho. "Mama yako."

"Na hii yenye fundo?"

Aligeuza kahawa upande mmoja, akageuza upande mwingine. "Hiyo mbaya mbaya?" alisema. "Aliyeisokota hiyo hakufundishwa." Kisha akaniomba nimsogezee ndoo, nikamsogezea.

Ganzi ikiachia mguuni huwa inauma kwanza. Iliniuma pale pale uani, mtu mzima mwenye watoto, nimeshika ndoo. Tangu nilipoziona zile za kushoto nilikuwa nikiamini kwamba mbwa wetu alidanganywa na harufu, na mimi pamoja naye. Lakini pua ile haikudanganyika kamwe. Ilikuwa inatenga ngata moja kati ya ngata za wanawake wa Bugene nzima. Alijua tangu ile ya kwanza yenye fundo mikono iliyoisokota ni ya nani. Alimnusa Tata suruali kabla ya kwenda kuitafuta. Angeweza kumrudishia mwenyewe, amesimama pale pale. Aliipitisha mbele yake, akavuka uwanja, akaniletea mimi.